Nyumba Ni Yangu, Sifa Ni za Mdogo Wangu

Bi Khole, shikamoo. Nimekuwa msomaji wa ukurasa wako tangu nifike Maskati, miaka kumi na moja sasa, na sikudhani siku moja nitakaa nikuandikie mimi mwenyewe, lakini jambo hili limenikaa kifuani, na hapa mtaani Darsait sina wa kumwambia kwa sababu kila ninayemjua ameshaisikia sauti ya mdogo wangu na anaisifu.

Natoka kijiji kimoja cha kusini mwa pwani ya Kenya, jina lake naomba nilifiche. Kampuni moja ya madini imekuja huko na mpango wa kuchimba mchanga, si mchanga wa kujengea bali ule wenye chembe nyeusi nzito, na mpango huo ukipita mgodi utameza nusu ya kijiji pamoja na kiwanja nilichonunua na nyumba niliyoijenga kwa kazi yangu ya kushona abaya za wanawake huku. Katika nyumba hiyo sijalala hata siku arobaini ukijumlisha likizo zangu zote, na kwa kuwa nyumba iliyofungwa huharibika nilimwambia mdogo wangu Mejumaa ahamie, apike humo, afagie, mchwa wasipate raha.

Mwaka jana watu wa kampuni wakapita kuandikisha kaya zitakazohamishwa. Hawakuuliza nani kajenga. Waliuliza nani anapika na kulala hapa, ndivyo utaratibu wao ulivyo, wakamkuta Mejumaa anageuza chapati, wakaandika jina lake na kumpiga picha mbele ya mlango wangu ameshika kibao chenye namba. Akanitumia ile picha kwa furaha, "Dada, tumeshaandikwa!" Tumeshaandikwa, Bi Khole! Niliikuza ile picha nikitafuta herufi moja tu ya jina langu, nikaona mabati ya kijani niliyoyachagua mimi, nikaona mlango niliomwagiza fundi mimi, na yeye katikati anacheka.

Hilo ningelimeza. Lakini baadaye wanakijiji wakamchagua mjumbe wa kamati, kwa sababu ndiye pekee aliyekaa na ripoti ya mazingira ya kampuni akaisoma yote, kurasa zaidi ya mia tatu kwa Kiingereza, na katika baraza la kwanza akasimama akawauliza wale wazungu wa kampuni maji ya kuoshea mchanga yatatoka wapi na visima vyetu vitabakiwa na nini. Redio ikamhoji, akasema haukubali mgodi mpaka swali hilo lijibiwe. Sauti hiyo ikasambaa kwenye simu mpaka huku. Achieng, Mkenya mwenzangu ninayepanga naye chumba, aliifungua tukiwa jikoni, akasema, "Wee, huyu si ni sista yako? Anaongea kama waziri! Na mbona hujawahi kutuambia kwenu kuna kichwa kama hicho?" Nikamwambia vitunguu vinaungua.

Na hicho Kiingereza alikipata wapi? Mimi niliacha shule darasa la saba baba alipofariki, nikaenda kufua nguo za watu ili yeye aendelee, akaendelea mpaka kidato cha nne. Hata abaya aliyovaa siku ya baraza nilimshonea mimi, ule mkono aliounyoosha mbele ya wazungu nakshi zake nilizitia uzi kwa uzi mpaka macho yakauma, lakini watu waliomwona walimwona yeye.

Siku iliyoniharibu ilikuwa Jumatatu. Tajiri wangu, Bi Kawthar, ambaye ni mtu mwema na amekulia Unguja, aliiweka ile sauti duka limejaa wateja wajuao Kiswahili kama yeye, akasema, "Njooni mumsikie mtoto huyu, mashallah, kasoma! Ndugu yake ndiye huyu fundi wangu." Mteja mmoja akanitazama kuanzia utosini hadi miguuni, nami futi ya kupimia inaning'inia shingoni, akauliza, "Wewe ndiye mkubwa? Basi wewe ilikuwaje?" Wakacheka, na najua hawakukusudia ubaya. Mimi nikaingia chumba cha kujaribia nguo, nikavuta pazia, nikatoa simu nikarekodi.

Nilituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kizima. Nilisema, "Jamani, mwenye nyumba ni mimi, Mejumaa nimemweka kulinda tu, hana hata jiwe moja pale. Mimi mwenye mali nimeukubali mgodi. Sasa yeye anamsemea nani?" Wallahi Bi Khole, mimi sijui kama naukubali mgodi au siukubali. Nilisema naukubali kwa sababu yeye alisema haukubali.

Wiki iliyopita likafanyika baraza la pili katika uwanja wa shule. Yule bwana wa mahusiano wa kampuni akaiweka sauti yangu kwenye kipaza sauti, akasema, "Mmesikia wenyewe. Mwenye mali amekubali, anayepinga ni mpishi wake." Watu wakaangua kicheko, na miongoni mwao ni wale wale waliomchagua. Mejumaa akaifunga ripoti akakaa chini, na swali la maji halikujibiwa. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mjomba wetu, akanipigia, "Baraza la mwisho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kama uliyosema ni kweli tunamwondoa mdogo wako tunaweka mwingine. Kama si kweli, sema mapema, usituchezee." Huyo mwingine namjua, ni mtu wa kutia sahihi karatasi yoyote anayowekewa mbele.

Mejumaa hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alinitumia maneno machache tu, "Dada, nimesikia. Ungeniambia mimi kwanza," akafunga virago akarudi kwa mama, na ufunguo wa nyumba akamwachia mjomba. Hata katika kukosewa amenishinda. Mama nikimpigia anasema yuko kisimani, kila saa yuko kisimani.

Naomba uniongoze, Bi Khole. Nifanye nini ili jina langu liandikwe kwenye orodha ya kampuni, kwa sababu nyumba ni yangu na jasho ni langu? Na je, kuna ubaya gani nikinyamaza tu mpaka hiyo Jumamosi ipite?

Dada Mkubwa, Darsait

JIBU LA BI KHOLE

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nna mambo ya kukwambia ambayo baadhi hutayapenda.

Nianze na lile uliloliuliza, maana ndilo jepesi. Orodha ya kampuni ni orodha ya wakaao. Si hati ya kumiliki. Watu hawa huandika anayelala mahali ili wajue nani watamhamisha, na mwenye kumiliki huthibitishwa kwa karatasi za ununuzi na mashahidi. Basi chukua nakala ya karatasi yako ya kununua kiwanja, andika barua moja kwa kamati na nyingine kwa ofisi ya ardhi ya huko kwenu, mjomba wako awe shahidi. Jambo hilo limekwisha. Unaona lilivyo dogo? Hakuna aliyekuibia. Mwizi hakutumii picha akakwambia "tumeshaandikwa."

Sasa nikufahamishe jambo ambalo naona hakuna aliyekaa nawe akakueleza, maana nilisomesha jiografia miaka ishirini na sita na sijui kunyamaza. Hizo chembe nyeusi ndizo zinazotakiwa. Humo hutoka unga mweupe unaotiwa katika rangi za kupaka nyumba na katika vitu vingi vinginevyo. Ili kuzipata, mchanga huchotwa kwa mashine, huoshwa kwa maji mengi mno, zile nzito hubaki, na uliobakia hurudishwa shimoni. Migodi mingine hufanywa vizuri, mingine vibaya, na tofauti kubwa baina yao ni maji: yanatoka wapi, yanarudi wapi, na nani amewabana wenye mgodi wakaandika ahadi yao kabla ya kuanza. Nyumba yako, ikiwa imo ndani ya mpaka, itabomolewa, liandikwe jina lako au lake. Lakini mama yako, hata akihamishwa, hatakwenda mbali, na popote atakapohamia atateka maji ya ardhi ile ile. Swali la mdogo wako lilikuwa ni kisima cha mama yako, wewe ukalisikia kama sifa zake.

Nami nitakwambia kwa nini ulilisikia hivyo. Mtoto wa darasa la saba alitolewa skuli, akafulia watu nguo ili mwenzake akae darasani, na kwa miaka yote hiyo hapana hata mtu mmoja aliyemwita akamwambia mbele za watu, ahsante. Lilikuwa deni la heshima, na halikulipwa. Mimi nimewasomesha wengi waliosomeshwa na dada zao, na kila siku ya mahafali nikiwatafuta hao dada ukumbini, nikiwakuta wamekaa nyuma kabisa. Kwa hiyo uchungu wako naufahamu na sikucheki. Yule mteja aliyekuuliza "ilikuwaje" alikosa adabu, hata kama hakukusudia.

Lakini hebu nijibu. Mejumaa alipouliza habari ya maji, alikutukana? Alisema nyumba ni yake? Katika barua yako yote sikuona neno moja baya alilokutendea. Umemwadhibu kwa kusoma, na wewe ndiye uliyemsomesha. Tena hukumpigia yeye ukamwambia, "Naona wivu, mdogo wangu, nami nataka kutajwa." Ulikwenda nyuma ya pazia ukawaambia watu wote, ukawapa watu wa kampuni kile walichokuwa wanakitafuta, mtu wa ndani wa kumnyamazisha aliyeisoma ripoti. Pale uwanjani hawakuhitaji kumjibu, sauti yako iliwatosha.

Unauliza kuna ubaya gani ukinyamaza. Ubaya ni huu: Jumamosi ikipita, atakaa pale mtu wa kutia sahihi, na visima vya kijiji kizima vitakuwa vimeamuliwa kwa hasira yako ya Jumatatu moja dukani. Hutaweza kuirekebisha likizo ijayo. Na kuukubali mgodi au kuukataa si dhambi, mwanangu, watu wenye akili wako pande zote mbili, wengine wanahitaji kazi na wana haki ya kuitaka. Dhambi ni kusema nimekubali na hali hujui ulichokikubali.

Basi fanya hivi. Leo hii, kabla ya jambo lolote, mpigie Mejumaa. Usianze kujitetea, usimweleze habari ya skuli wala ya kufua nguo, hayo yana siku yake na anayajua zaidi kuliko unavyodhani. Mwombe radhi, mwambie arudi kwenye nyumba, na umwombe akusomee kwa Kiswahili zile kurasa za maji, taratibu, wewe ukiuliza na yeye akijibu. Hapo utakuwa na rai yako mwenyewe kuhusu mgodi, na ikiwa kinyume na yake, mwambie yeye. Mama muache kwanza. Ataacha kuwa kisimani siku atakayomwona mdogo wako amerudishiwa ufunguo.

Kisha rudi kwenye kundi lile lile, mbele ya watu wale wale, urekodi tena. Usiandike, maana kosa ulilifanya kwa mdomo. Sema nyumba ni yako na hilo ni kweli. Sema kukubali mgodi hukukubali, ulisema kwa wivu, na ulitaje neno hilo wivu usilifunikefunike. Sema Mejumaa anakaa mule kwa idhini yako na swali lake la maji sasa ni swali la mwenye nyumba pia, na kamati isiruhusu sahihi ya mtu yeyote mpaka lijibiwe kwa maandishi. Mtumie mjomba wako naye, ili isisemwe hakuipata.

Utaona aibu. Wapo watakaokucheka, na huenda Bi Kawthar akaisikia hiyo nayo. Vumilia, mwenzako alichekwa uwanja mzima na hakuwa na kosa.

Na ukishamaliza kurekodi, itume hapo hapo. Usiisikilize kwanza, maana ukiisikiliza utaipunguza.