Tiki Kwenye Kiburma

Lower West Side, Buffalo
Machi 9

Dada Agata mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Hamjambo huko Louisville? Shemeji Gaspari mgongo umepoa? Mama naye huko Columbus, ukimpigia simu mwambie tunamwombea. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, ila nina hasira, na usiponisikiliza nitapasuka.

Nilishakueleza habari za Nalo, jirani yangu kutoka milima ya Burma, ninayefunga naye mikate kiwandani. Nalo ni Mlahu. Walahu ni kabila, dada, na Kilahu chao si Kiburma hata kidogo. Kina namna saba za kupandisha na kushusha sauti; ukikosea, umesema jingine, kama sisi na “gusura” ya Kirundi chetu, lile la kutembelea watu na lile la aibu, la kujamba. Nilipojaribu kumsalimu alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki mbili zilizopita mashine ilimkata vidole viwili. Bosi akasema kosa ni lake, kwamba alifundishwa kuizima kabla ya kuisafisha, tena kwa mkalimani wa simu, na akasaini. Wamemfukuza! Mkalimani gani? Aliongea Kiburma! Nalo aliitikia kwa kichwa tu, maana kwao kama kwetu, mtu mzima akifundisha humkatizi. Nikamwambia bosi kwamba Nalo hakuelewa hata neno. Akanijibu kuwa watu wa Burma wote ni wale wale. Wale wale! Ndivyo walivyomfanyia mama kwenye kliniki kule Columbus, wakampa mkalimani wa Kiswahili na yeye anajua Kirundi tu, akajibu “ndiyo” kwa kila swali mpaka akapewa dawa isiyo yake. Siku ile ulifoka mpaka mlinzi akaja.

Sasa, dada, nifokee na mimi. Fomu ya kazi ya Nalo niliijaza mimi. Kilahu hakikuwa kwenye orodha. Palikuwa na “nyingine” na mstari wa kuandika, lakini sikujua kinaandikwaje, na foleni ilikuwa ndefu. Nikaweka tiki kwenye Kiburma. Nikajiambia, si ni wale wale.

Jumatano wanasikiliza kesi yake ya kufukuzwa kazi. Nitakwenda kusema mkono ulioweka tiki ni huu, hata kazi ikiniponyoka. Lakini Nalo mwenyewe bado hajui. Jana alinipungia mkono wenye bandeji, akicheka. Dada, nitamwambia kwa lugha gani?

Wabusu watoto, na uniombee.

Mdogo wako,
Florida