Mkono Wangu, Shemeji Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Mwandiko wa kuku huu! Lakini mkono wa kushoto ndio uliobaki, na nisipoandika nitapasuka. Miezi mitatu tangu gari la shemeji ligonge nguzo, mimi abiria wake. Leo daktari wa mazoezi kaniambia ninyanyue kikombe cha plastiki. Kitupu. Vidole vikagoma. Anasema mshipa wa fahamu hurudi polepole, nisikose mazoezi hata wiki moja, la sivyo vidole vitakauka hivi hivi vilivyojikunja. Kisha akatazama karatasi. Bima ililipia mara kumi na mbili. Leo ilikuwa ya kumi na mbili.

Alhamisi, 7 Machi
Ofisi ya bima. Foleni, namba, kiti cha chuma. Karani ni mpole — hilo ndilo linaloudhi. Kanigeuzia faili nisome mwenyewe. Maelezo ya dereva: mbwa alikatiza barabara. Abiria hakufunga mkanda.
Nilifunga! Alama yake ilikaa kifuani wiki mbili. Na mbwa gani? Shemeji alikuwa anasoma meseji. Akacheka, akanigeuzia simu nami nione. Kisha nguzo.
Karani anasema kwa maelezo hayo fidia itakuwa kiduchu, na mazoezi ndiyo basi. Labda nilete maelezo yangu, ya kiapo, mbele ya wakili. Mwisho tarehe 25.
Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kweli — limenibakizia mkono wa kushoto.

Jumanne, 12 Machi
Wakili kasema kesi nyepesi. Niseme ukweli, nitie sahihi. Nikauliza, dereva atapatwa na nini? Akavua miwani. Leseni itakwenda, na polisi watamtaka. Shemeji anaendesha basi la shule. Bila leseni hana kazi.
Nikampigia dada, mkewe. Kosa! Jioni akaja, hata kukaa hakukaa. "Mama alipofariki, nani alikubeba mgongoni? Nilikuwa na miaka kumi na moja mimi!" Nikasema najua, dada. "Basi sema ulisahau mkanda. Neno moja tu, mdogo wangu."
Shemeji alimsubiri nje. Hodi hakupiga.

Jumatano, 20 Machi
Siku kumi na sita bila mazoezi. Kidole kidogo hakinyooki tena.
Nimejaribu kazi. Kibao cha duka la dawa, herufi nne tu: DAWA. Miaka kumi na tisa naandika mabango, W yangu ilikuwa ikisimama kama askari! Leo imelala kama mlevi. Mwenye duka kasema usijali fundi, utapona. Mchana nikapita, nikamwona fundi mwingine kapanda ngazi. Kanipungia mkono. Nami nikampungia — wa kushoto.
Sikula.

Ijumaa, 22 Machi
Shemeji kaja peke yake. Kakaa ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Akasema, "Nilidhani utapona ndani ya wiki, shemeji. Ndiyo maana niliandika vile." Nikamwonyesha mkono. Akautazama, akageuka ukutani.
Hakusema samahani. Nikamwambia nenda ukayabadilishe mwenyewe maelezo yako. Akasema, "Nina watoto watatu." Nikasema, nami nina mikono miwili. Nilikuwa nayo.
Aliondoka bila kuaga. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 25 Machi
Benchi nje ya mlango wa wakili. Saa nne kasoro. Maelezo yameshapigwa chapa, kurasa mbili, yote kweli tupu: simu, kicheko, mkanda. Kilichobaki ni sahihi. Daftari nimeliweka gotini ili mtu asinisemeshe.

Dada kaja. Sikumwambia saa, sijui nani kamwambia. Macho yamevimba. Kakaa kando yangu bila salamu. Nilingoja anianzie tena habari za mgongo na mama. Wapi! Kanichukua mkono wa kulia, kauweka mapajani mwake, anavinyoosha vidole. Kimoja kimoja. Kama daktari wa mazoezi afanyavyo — kumbe alikuwa akitazama siku zile alizonisindikiza!
Kinauma. Nimemwambia taratibu. Kasema, "Vumilia." Basi.
Yuko kwenye kidole kidogo sasa. Anakivuta, machozi yanamdondoka, wala hafuti.

Mlango umefunguka. Wakili ananiita, kalamu iko tayari. Nimesema naja.
Dada hajauachia mkono.