Nyumba Iliyosimama kwa Siku Moja

Alhamisi, Agosti 1996

Bado naiona ile nyumba ikisimama. Asubuhi pale Mabatini palikuwa na msingi mtupu. Saa kumi jioni palikuwa na kuta nne, na upepo wa ziwa ulipita dirishani kana kwamba umekuwa ukipita hapo miaka yote.

Kuta hizo za zege tulizimimina wenyewe kiwandani kwetu, kila moja kwenye fremu yake. Leo winchi ilizishusha polepole, moja baada ya nyingine, nami nikawa kama ninaota huku nimesimama.

Baba alikuja kutoka Kigongo kutazama. Ni fundi mwashi tangu ujana wake, na tangu niajiriwe kiwandani hajawahi kuniuliza habari za kazi yangu. Nikamwamkia. "Marahaba," akaitikia, macho yake yakiwa ukutani. Akaugonga kwa vidole, akasikiliza.

"Huu kaumimina nani?"

"Mimi, baba."

Akaugonga tena. Nilijua anachowaza, maana hata mimi kinanisumbua. Kuta zikitoka kiwandani, waashi wenzake watakula wapi?

Nilimsindikiza hadi barabarani. Hapo ndipo akasema, taratibu, bila kunitazama, "Chumba cha mama yako, mwaka wa tisa huu sijakimaliza. Kuta zenu zinafika Kigongo?"

Nikamwambia zinafika. Ukweli ni kwamba sijui. Kesho nitamwomba msimamizi, na akikataa, nitamwomba tena.