Mrina Asali Aliyebaki Juu ya Mti

Kweli inauma, mjukuu wangu Neema, mwandishi unayempenda kukujibu kwa dharau vile. Hapa Shanwe sote wazima. Babu yako mpya, wiki ya tatu sasa tangu ndoa, hunichemshia chai kabla sijaamka, nami naona haya kama msichana.

Unauliza kama uvitupe vitabu vyake. Nilipokuwa sekondari, mwalimu wetu mgeni aliandika kitabu kuhusu mrina asali, nikakipenda mno. Mama akamletea masega yenye majana, wale watoto wa nyuki, ambayo kwetu hupewa mtu wa heshima. Akacheka mbele ya darasa: "Mama, umeniletea funza?" Nilimrudishia kitabu chake kabla sijakimaliza, mrina akiwa bado juu ya mti.

Juzi mume wangu alikikuta sokoni Kashaulili. Nikanuna, yeye akaanza kunisomea. Mrina aliposhuka salama, nikalia.

"Niache, mke wangu?"

"Endelea, mpenzi."

Yule mwalimu bado simpendi. Lakini mrina hakumcheka mama yangu, nami nilimwacha juu ya mti miaka yote hiyo.

Vitabu vyako usivitupe kwanza. Naja nacho hiki kabla mwezi haujaisha, nikusomee.