Mzee Anatua Akinitazama Mimi

Mshauri mpenzi, basi mzee wangu akatua na ndege kwa tumbo, na fundi anahangaika bure, maana kilichoharibu si magurudumu, ni mimi mkewe. Naomba unisaidie kabla hayajawa makubwa. Anayeandika ni mkwe wangu, mimi kalamu siijui, na akicheka tena nitamwambia mumewe.

Mzee wangu ana kindege chake cha watu wanne, kile ambacho kikiwa juu kinakunja miguu kama kuku aliyelala, na kikitaka kutua lazima rubani mwenyewe aishushe. Nyumba yetu iko pale pale uwanja unapoanza, na tangu tuoane, akirudi mimi napanda juu ya paa kwenye kamba za nguo, napunga shuka la njano, yeye anatikisa mabawa, ndiyo salamu yetu, majirani wanatuita vijana. Sasa juzi nikapunga, mabawa yakatikisika vizuri tu, mara nikasikia krrrrr, kama mtu anaburuta kabati la chuma sakafuni. Nilikimbia na kandambili moja, mshauri, na huu mwili wangu! Nikamkuta kasimama kando ya ndege, mzima, mapangaboi ya mbele yamejikunja kama masikio ya mbuzi, na neno la kwanza kuniambia ni lipi?

"Mama watoto, mbona leo umepunga kwa kushoto? Bega limeanza tena?"

Kweli bega lilikuwa linauma, hata huyu mkwe hakujua. Mkono wangu kauona, magurudumu hakuyakumbuka!

Kwa watu kasema yalikwama. Fundi wake, mtu mpole, tangu hapo yuko chini ya ndege anafungua kila kitu, anajilaumu, hata chai hanywi. Nikisema ukweli, mzee ataaibika na leseni iko mashakani. Nikinyamaza, ndege ikipona atanitafuta tena huku anatua. Kuacha kupunga nimeshajaribu, siku tuliyogombana nikajifungia ndani, akazunguka juu ya paa chini chini mpaka kuku wakaacha kutaga. Nifanyeje, maana huyu mtu nampenda na namtaka mzima... huyo ananiita, "Mama watoto, bega umelipaka dawa?" Naja! Haya mkwe, funga, funga.

*

Mama, pole na bega, na hongera pia. Wengi wanaoniandikia, waume zao hawajui hata kama wana mabega.

Lakini acha kujibebesha. Wewe ulikuwa kwenye paa, usukani alikuwa nao yeye. Na wewe nawe unalionea haya jambo ambalo siku nyingine litamshusha kwa pua, si kwa tumbo. Hapo utampungia nani?

Leo, kabla ya chakula, mwambie aende kwa fundi akaseme alisahau. Aseme mwenyewe, wewe simama mlangoni. Akikataa, sema wewe. Wakimsimamisha leseni, akae nyumbani akupake dawa. Fundi hawezi kutengeneza kitu kizima.

Shuka lishuke kwenye paa. Siku akirudi angani, akiondoka mpungie mpaka apotee. Akirejea, wewe uwe umekaa kwenye benchi la karakana, na ajue uko hapo, asikutafute. Usiinue hata kidole mpaka mapangaboi yasimame kabisa. Na yeye asikutikisie mabawa. Ashuke, atembee kwa miguu yake, aje akushike hilo bega.