Ziwa Lililopanda Kwenye Karatasi

Jumatatu, 2 Februari
Saa tatu asubuhi, kama kawaida. Mkebe wa mvua: mkavu. Beseni: jua limenywa milimita saba tangu jana. Ziwa: sentimita nne. Zikiisha hizo, nguzo ya kipimo haina namba, ni tope tu. Ngedere wamejaribu tena kuvuta wavu wa beseni. Nao wana kiu, siwalaumu.

Miaka kumi na moja nasoma vipimo vya ziwa hili dogo chini ya Momela. Sijawahi kuandika nne. Mvua za vuli zimetupita hivihivi.

Alhamisi, 5 Februari
Asubuhi: sentimita mbili. Mchana akaja Frank, mtaalamu wa maji kutoka mjini, na mafundi wawili. Kijana wa heshima, shikamoo yake ya kuinama kabisa. Wameng'oa nguzo, wakaisimika mbele zaidi, kwenye kina. Sawa, ilibidi. Sasa inasoma sabini na moja. Nikamuuliza niandike nini kuhusu kuhamishwa kwa nguzo.

"Mama Eliamani, wewe andika namba unayoiona. Hayo mengine nitayaweka mimi ofisini."

Nimeandika 71. Nimesaini.

Jumanne, 17 Februari
64. Mvua hakuna. Beseni saba, jana nane. Nalala bila blanketi, huku kwetu mlimani! Mwenye shamba la parachichi ng'ambo ya pili ameomba kijiji kimruhusu kuvuta maji ya ziwa kwa pampu. Ng'ombe wetu watakunywa nini? Mkutano ni Jumamosi. Sina wasiwasi. Vipimo vipo.

Jumamosi, 21 Februari
Nimeaibishwa mbele ya kijiji kizima.

Frank alitundika karatasi yenye mstari. Januari yote mstari unashuka, halafu Februari ghafla, huo juu! Akasema ziwa limeanza kupona, pampu haitalidhuru. Chini kaandika jina langu, msomaji wa vipimo. Watu wakanipigia makofi. Makofi!

Nikasimama. Nikasema ni nguzo iliyohama, ziwa halijapanda hata ukucha. Frank akanijibu kwa upole wa kuudhi: "Mama, kazi yako ni kusoma namba. Kuzitafsiri tuachie sisi." Nikamuuliza maji hayo yametoka wapi. Mvua haijanyesha, jua linakausha kila siku. Aliyamwaga yeye kwa ndoo? Watu wakacheka. Mzee Elisaria, mwenyekiti wetu, akanyanyua daftari langu. "Saini hii si yako, mama?"

Ni yangu.

Ruhusa imepita. Mikono juu, hata ya shemeji yangu.

Jumapili, 22 Februari
Sikwenda kanisani. Ningeimba nini?

Mwaka jana watu wa ofisi ya Frank walitupeleka semina ya mabadiliko ya tabianchi. Kofia, fulana, soda. Wakatufundisha kwamba joto likizidi na mvua ikipungua, ziwa linatoa maji mengi kuliko linavyopokea. Nikaandika yote. Kumbe wao wenyewe hawakusikiliza! Namba za beseni langu nawapelekea kila mwezi na hakuna hata mmoja anayezifungua.

Na mimi mjinga. Mstari mmoja tu ungetosha: leo nguzo imehamishwa, ilisoma mbili, sasa sabini na moja, toa sitini na tisa. Sikuuandika kwa sababu kijana aliniamkia vizuri. Shikamoo tu, nikaweka kalamu chini. Nina hasira.

Jumatatu, 23 Februari
Nimeuandika mstari huo, kwa wino mwekundu. Nakala kwa mwenyekiti, nakala kwa Frank.

Ijumaa, 6 Machi
53. Hakuna aliyejibu.

Ijumaa, 13 Machi
Bomba la pampu limelazwa leo, mpaka pale ambapo ramani ya Frank, aliyoichora kwa zile namba mpya, inasema maji yanaanzia. Mdomo wake umetua kwenye tope lililokauka na kupasuka. Fundi akashika kiuno, akaniuliza, "Mama, ziwa liko wapi?"

Nikamwonyesha. Hatua themanini mbele.

Watu walikuwa wameleta ng'ombe kunywa, wote wakaona. Mzee Elisaria akavua kofia, akaivaa tena. Akanipa pole. Pole ya nini sasa? Karatasi yangu si anayo siku zote hizi? Fundi akasema wataongeza bomba. Hapo mzee naye akapandwa na hasira: haongezi mtu hata futi moja, kesho tunakaa upya.

Jumamosi, 14 Machi
Ruhusa imefutwa. Mikono ileile.

Jumatatu, 16 Machi
Masika bado.

Frank amepiga simu. Akaniamkia, nikaitikia. Akaomba ile namba ya kutoa. Nikampa: sitini na tisa. Maneno ya kumsema nilikuwa nayo tangu mwezi uliopita, nikayatafuta, sikuyaona.

Akauliza, "Kwa hiyo mama, kwa kipimo cha zamani, leo ni ngapi?"

Nguzo inasoma arobaini na nane. Nikamwambia: sentimita ishirini na moja chini ya sifuri, mwanangu.

Nikasikia kalamu yake ikiandika. Hakukata simu, na mimi sikukata.