Kalamu Juu ya Kitanda Chako

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini u mzima huko uliko. Mama anakusalimu sana.

Manga yetu, ile hadithi ya michoro, naendelea nayo peke yangu. Kalamu za bei nafuu zinachafua karatasi nikifuta penseli, na karatasi za daftari zinavujisha wino upande wa pili. Muuza vifaa vya shule aliiona mikono yangu akacheka: "Mdogo wangu, unachora au unaoga wino?" Niliona haya, nikaondoka bila kuuliza kitu.

Wiki iliyopita baba alileta kalamu nene, ile ya kuandikia maboksi. Hajataja michoro tangu siku alipoichana yako nawe ukaondoka. Kalamu hiyo aliiweka juu ya kitanda chako, si changu, akatoka. Niliijaribu kwa siri, ikapenya karatasi tatu kwa mpigo. Nikairudisha palepale. Sijui nimwambieje kwamba haifai.

Shujaa wetu bado amesimama mlangoni, maana miguu ulikuwa ukiichora wewe. Niambie basi, ninunue kalamu gani ya bei rahisi?

Kila jioni baba huchungulia chumbani kuona kama ile yake imechukuliwa.

Mdogo wako,
Miwani